Mistari ya Mama, Nukta za Baba

Bantama, Kumasi
9 Machi 2017

Mama Konadu,

Salamu kutoka kwa mumeo, ambaye tangu uende Accra kikazi anakula kwa yule mama muuza fufu wa kona, hadi mama wa watu ameanza kuniuliza kama mke wangu bado ananikumbuka. Nimemjibu kwamba unanikumbuka sana, hasa ukikasirika.

Nakuandikia barua na kuituma kwa dereva wa basi la asubuhi kwa sababu simu tumeshaijaribu. Tukianza kuzungumza jambo hili, kabla sijafika katikati unakata. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini hapo utakuwa umeshaisoma.

Jambo lenyewe unalijua. Binti yetu amemaliza chuo, wiki hii anakuja kukaa kwako, na tulikubaliana tumnunulie programu ya kuchorea, ya halali, si hizi za kunakili zinazoiangusha kompyuta yangu kila mwezi. Tumekubaliana moja, maana uwezo wetu ni wa moja. Mimi nasema iwe ya nukta, kama yangu. Wewe unasema iwe ya mistari, kama mnayotumia huko ofisini kwenu mnakotengeneza tovuti.

Sasa nisikilize. Sisi Kumasi kazi yetu ni nyuso. Mtu akifa, kabla machozi hayajakauka ndugu zake wako kwenye benchi langu na picha mkononi, wanataka bango la msiba. Na uso, Dufie, una kivuli, una jasho, una kovu la tetekuwanga. Vyote hivyo ni nukta, maelfu ya nukta, kila moja na rangi yake, kama maharage yaliyopangwa kwenye sinia. Mistari yako haijui jasho. Unakumbuka ulivyomchora mchungaji wetu kwa ajili ya kalenda? Alitoka msafi kama chupa ya sabuni. Mkewe akauliza, "Huyu ni nani?"

Nakiri nukta nazo zina ukaidi wao. Juzi alikuja Mzee Amoateng, fundi magari wa Suame. Kafiwa na kijana wake. Picha aliyokuwa nayo ni ndogo, imetumwa kwa simu, naye alitaka bango la ukubwa wa mlango. Nikaikuza. Uso ukafumuka vigae vigae kama sakafu ya bafu. Konadu alikuwa nyuma yangu anakula karanga zangu, akasema, "Papa, si uiache ndogo tu? Wanaompenda watasogea."

Nikamwambia, "Nani atashuka kwenye gari lake, katikati ya barabara ya Mampong, asogelee bango? Bango ni la kuonwa na anayepita."

Akacheka, akamaliza karanga.

Basi nikaupaka uso wa kijana wa watu ukungu mpaka vigae vikafichika. Baba yake akaja kulichukua bango. Akaniambia, "Fundi, hili litakwenda. Mimi siendi." Mila naijua, mzazi hafuati jeneza la mwanawe. Nimechapa mabango ya vijana wengi. Lakini sijawahi kuona mtu akilikunja bango vile, taratibu, kama anakunja nguo ya mtoto.

Haya, nimeacha kukuhuzunisha. Kura yangu ni nukta. Nimekutumia majani ya magimbi na konokono wa kukausha.

Mumeo mvumilivu,
Yaw Twumasi

*

Dansoman, Accra
15 Machi 2017

Baba Konadu,

Mvumilivu gani huyu anayelalamika ukurasa mzima? Konokono wamefika, wamepungua. Huyo dereva wako hajui tofauti ya kubeba na kuonja.

Umemaliza? Sasa nisikilize wewe. Wiki hii nimemchorea nembo mwoka mikate wa mtaani kwetu. Kwenye tovuti yake inakaa ndogo kama ukucha. Kwenye kofia za wafanyakazi wake imetariziwa. Ubavuni mwa gari la mikate ni ndefu kuliko wewe, ingawa kukupita wewe si kazi kubwa. Mchoro ni mmoja! Mstari hauna nukta za kufumuka. Unaiambia kompyuta anzia hapa, pinda pale, ishia kule, nayo inahesabu upya kila mara, hata ukitaka ukubwa wa kilima. Wewe ungechora upya kila safari, halafu ungelaumu umeme.

Na nikuambie lingine, usichukie. Wewe unamfundisha mtoto kazi ya kuzika. Mimi nataka ajifunze kazi ya kuanzisha vitu.

Amefika salama, amelala njia nzima. Jana alikaa kwenye kompyuta yangu, akachora embe, akalivuta likajaa kioo chote, akasema, "Mama, mistari ni mitamu." Hayo ni maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo kura ni mbili kwa moja, na wewe ndiye moja.

Mkeo anayekukumbuka, na hajakasirika,
Afia Dufie

*

Bantama, Kumasi
2 Aprili 2017

Mama Konadu,

Mbili kwa moja! Binti yako alinipigia Ijumaa, akaninong'oneza, "Papa, nukta ndiyo kazi yenyewe, ila usimwambie Mama." Dufie, tumezaa mwanasiasa. Akigombea ubunge atapata kura za vyama vyote.

Hilo la kazi ya kuzika nimelimeza na fufu, limeshuka. Lina ukweli. Lakini anayeanzisha duka la mikate atampata mchoraji popote. Aliyefiwa na mama yake, akaja na picha iliyokunjika kwenye pochi, anamtaka mtu atakayemrudishia mama yake uso kwa siku moja. Kazi hiyo naiona njema. Ndiyo kazi pekee ninayoiweza, kwa hiyo lazima niione njema.

Mvua zimeanza. Wewe unajua mvua na damu ya Konadu haviivi chungu kimoja. Anywe maji. Avae soksi hata akikucheka. Selimundu haina adabu, inampiga mtu mifupani siku ambayo amesuka nywele. Mara ya mwisho nilifunga duka nikakaa naye mpaka maumivu yalipoisha, na hadi leo ananigomba: "Papa, watu walikuja na maiti zao ukawafungia mlango!" Mwambie akiumwa tena nitafunga tena, agombe atakavyo.

Yaw

*

Dansoman, Accra
20 Aprili 2017

Baba Konadu,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi nyingi.

Konadu hajambo. Amechoka kidogo kwa joto. Usimpigie, simu yake imekwenda kwa fundi.

Nina swali. Jirani yangu hapa ana mtoto mwenye maradhi kama ya Konadu, na yamemshika. Wewe ulikuwa ukimkanda Konadu miguu kwa kitu gani? Ulianzia wapi? Mimi siku hizo nilikuwa kazini, nilikuwa nakuta tayari amelala. Mama wa mtoto anauliza sana. Nijibu upesi.

Kuhusu programu tutazungumza.

Dufie

*

Bantama, Kumasi
23 Aprili 2017

Mama Konadu,

Nimetuma kopo la siagi ya shea, ile halisi kutoka kaskazini. Mpe huyo jirani yako, na umpe pole yangu.

Mwambie hivi. Asiipashe siagi motoni, aisugue kiganjani mpaka iyeyuke yenyewe. Aanzie kwenye nyayo, apande hadi gotini, asikandamize mfupa, aupitie pembeni kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Halafu kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Mtoto akisema hapana, aache, hata kama daktari wa vitabu atasema endelea.

Na aimbe. Aimbe vibaya. Hii ndiyo siri, usicheke. Mimi nilikuwa nauimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya mbuzi, makusudi, ingawa Konadu anadai haikuwa makusudi. Mtoto akicheka maumivu yanasahau njia, kwa dakika chache tu, lakini dakika chache si haba.

Kuhusu programu, nimefikiri sana. Mnunulie ya mistari. Naam, umesoma vizuri. Iweke barua hii ukutani. Nilikuwa nimekaa dukani jana nachapa bango la bibi wa watu, nikajiuliza kwa nini namng'ang'aniza mtoto wa miaka ishirini na moja akae na nyuso za wafu. Acheze na maembe yake. Mimi nitafunga mdomo, jambo ambalo hujawahi kuliona, kwa hiyo lisherehekee.

Simu yake ikitoka kwa fundi anipigie. Nyumba imekuwa kimya na karanga haziishi.

Yaw

*

Mampong
7 Mei 2017

Baba Konadu,

Jana kwenye kikao cha wiki moja ya msiba ulikaa upande wa watu wenu, mimi upande wa watu wetu, na katikati yetu viti vyote vile vya plastiki na wazee wanaohesabu chupa za mvinyo. Nilikuona umevaa viatu visivyofanana. Nilitaka kuvuka nikuambie. Sikuweza kuvuka.

Hakukuwa na mtoto wa jirani. Wewe umeshajua. Nimeona jana usoni mwako kwamba umeshajua.

Konadu mwenyewe ndiye aliyenikataza. Alisema, "Papa akijua atafunga duka. Ngoja, itapita, siku zote inapita." Na mimi niliamini, kwa sababu siku zote ilikuwa inapita. Ulipotuma kopo nilimkanda kama ulivyoelekeza, nyayo kwanza, nikapita pembeni mwa mfupa. Nikaimba. Mimi ninayeimba kwaya, Yaw, niliimba kama mbuzi. Akafungua macho akacheka, akasema, "Huyo ni Papa amekufundisha." Kwa hiyo alijua kwamba umemkanda wewe. Nataka ulijue hilo kabla hujaanza kunichukia.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi, hospitalini, wauguzi wakatutoa chumbani.

Sasa kuna hili. Mjomba Dapaah, kama mkuu wa ukoo wetu, ameshapanga. Mtoto wa Kiasante ni wa ukoo wa mama, maneno hayo huhitaji kukumbushwa na mimi. Maziko ni Jumamosi ya tarehe ishirini. Anataka bango kubwa la kusimama mlango wa nyumba ya ukoo, na picha ameshaichagua: ile ya siku ya mahafali, anacheka mpaka mwanya unaonekana. Ilipigwa na rafiki yake kwa simu, ikatumwa kwa simu, na simu ya huyo rafiki ilishaibiwa. Tuliyo nayo ni hiyo ndogo.

Wazee wanataka kumpa kazi mchapaji wa hapa. Nimesema hapana, baba yake yupo. Yaw, mimi nitakuwa chumba cha ndani, wewe utakuwa Kumasi. Hatutamsindikiza. Bango ndilo litakalokwenda. Litengeneze wewe.

Dufie

*

Bantama, Kumasi
9 Mei 2017

Mama Konadu,

Kukuchukia nitaanzia wapi, na nguvu nitazitoa wapi? Alicheka. Nimesoma mstari huo mpaka karatasi imelegea. Tuyaache mengine yote.

Viatu nimeviona leo. Kila mmoja alikuwa ananitazama miguu, nikadhani ni heshima.

Picha nimeifungua. Kwa ukubwa wake yenyewe, kama kiganja, ni yeye kabisa. Mwanya, kile kijikovu juu ya nyusi, kofia imekaa upande. Nikaikuza kidogo, akaanza kuondoka. Nikaikuza zaidi, mwanya ukawa kigae cheupe na kigae cheusi. Nikakuza kufikia ukubwa anaoutaka Mjomba, na kwenye kioo hapakuwa na mtu. Palikuwa na sakafu. Nimepaka ukungu ule ninaowapakia watu, na Dufie, nimemfuta binti yangu kwa mkono wangu mwenyewe, nikarudisha nyuma, nikamfuta tena.

Maisha yangu yote dukani nimewaambia watu, "Leteni picha kubwa zaidi." Nawaambia kwa sauti ya fundi, kama vile marehemu anaweza kutoka kidogo akapigwe nyingine.

Nukta zimeshindwa. Tafadhali mchore wewe. Mistari yako inakubali ukubwa wowote. Mchore, mimi nitachapa.

Yaw

*

Mampong
11 Mei 2017

Baba Konadu,

Nimemchora. Nimekaa na kompyuta chumbani kwa mama yangu, nikaifuata picha kwa mistari, shavu, kidevu, kofia. Inavutika mpaka ukubwa wa nyumba na hakuna kinachofumuka. Ngozi laini. Macho safi. Nikiuweka mwanya unaonekana kama jino limeng'oka, nikiuondoa si yeye. Kovu nikilichora ni uchafu, nikiliacha si yeye.

Mdogo wangu Serwaa akaja akatazama juu ya bega langu, akasema, "Mzuri. Ni nani?"

Mke wa mchungaji amelipiza kisasi.

Nimelia mbele ya Serwaa, nikafuta kila kitu. Nimemchora binti wa watu, Yaw. Siwezi kumpeleka binti wa watu pale. Mjomba ameuliza tena kuhusu mchapaji wa hapa. Sijui nimjibu nini. Niambie la kufanya.

Dufie

*

Bantama, Kumasi
15 Mei 2017

Mama Konadu,

Mzee Amoateng wa Suame alipita dukani kunipa pole. Alikaa tu kwenye benchi. Nikampa karanga. Naye akala, na sauti ya karanga nyuma yangu ikanirudishia maneno ya mtoto: "Si uiache ndogo tu? Wanaompenda watasogea."

Basi nimeiacha ndogo. Bango zima ni jeupe, refu kama mlango wa Mjomba, na picha ipo katikati kwa ukubwa ule ule wa kiganja, sijaigusa. Juu nimeweka jina.

Mjomba Dapaah aliposikia alikuja mwenyewe mpaka Bantama, na fimbo, na mpwa wa kuishika fimbo akiketi. Akalitazama kwenye kioo.

"Yaw, wino umekwisha?"

"Haujaisha, Mjomba."

"Basi mbona uwanja mtupu? Bango lote hili na picha kama ya kitambulisho! Watu wa Mampong watasema tumeshindwa kumzika mtoto wetu."

"Mjomba, huo ndio ukubwa aliotuachia. Nikiongeza hata nukta moja, hiyo si yake tena, ni ya kompyuta."

"Na anayepita barabarani ataona nini?"

"Ataona jina. Akitaka kumwona mwenyewe, atasogea."

"Na mimi, na mgongo huu?"

"Hata wewe, Mjomba."

Akaniita mchwa. Akasema mchwa nao wana heshima, hula nyumba kimya kimya. Akataka juu niandike "Ni Mshtuko Ulioje", kama mabango ya vijana wote. Nikamwambia damu ni yenu, sibishani, lakini jina nilimpa mimi, ni la mama yangu, na jina litakaa peke yake. Hakusema ndiyo. Alisimama, akatafuta mlango, na kule mlangoni akasema bila kugeuka, "Lifike Alhamisi. Nisipate aibu."

Limebaki moja, na ni lako. Weupe ule ni mwingi, macho yanapotea. Nichoree mstari. Usichore ua wala msalaba, nataka mstari mmoja tu, uanzie pembeni kabisa, uzunguke polepole, uishie kwenye picha. Uupinde kama mkono wako unavyopinda. Nitauvuta mimi ufike ukubwa unaotakiwa. Huo hautafumuka.

Yaw

*

Mampong
21 Mei 2017

Baba Konadu,

Leo ni Jumapili, siku ya juma aliyozaliwa Konadu, ndiyo maana tukamwita pia Akosua. Jana wamemzika.

Mimi nilikuwa chumba cha ndani na mama yangu, tumevaa nyeupe, madirisha yamefungwa. Nilisikia ngoma, nikasikia zinaondoka, nikasikia zinarudi. Zaidi ya hapo najua alichoniambia Serwaa.

Anasema asubuhi watu walipita wakasoma jina, wakaendelea. Halafu mwanamke mmoja muuza nyanya akatua beseni lake, akaufuata mstari kwa kidole, ukamzungusha, ukamfikisha. Akasimama pale. Aliyemfuata nyuma akataka kujua anatazama nini. Mpaka jeneza linatoka kulikuwa na foleni, Yaw. Watu waliokuja kula wali wa msiba walipanga foleni, mmoja mmoja, kila mmoja akiinama mbele yake. Rafiki zake wa chuo walimsemesha. Serwaa hakusikia walisema nini, maana walikuwa karibu mno.

Mjomba Dapaah alikuwa wa mwisho. Alivua miwani, akaivaa, akainama na mgongo ule ambao hauinamii hata chifu. Akakaa hivyo mpaka mpwa wake akamshika kiuno. Akasema, "Ana mwanya. Ana mwanya wa mama yangu. Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Mtoto ameishi miaka yote hiyo, akimwamkia kila Krismasi, naye hakuwahi kumtazama kwa karibu. Akatoka akaenda kukaa peke yake nyuma ya jiko.

Jioni waliniletea bango chumbani. Pale kwenye picha pamefifia kidogo kwa vidole vya watu. Serwaa akanifungia mlango. Nikaufuata mstari wangu mwenyewe, ulivyouvuta. Nikasogea. Nikasogea mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu juu ya uso wake, nikaufuta kwa kanga.

Ile programu hatukununua. Ulipoandika niinunue ya mistari nilimsomea barua yako kitandani, akatabasamu tu, akafumba macho. Wewe alikuambia nukta, mimi aliniambia mistari. Sasa hatutajua kamwe alitaka ipi, au kama alitaka sisi tuendelee kugombana ili tuendelee kuandikiana.

Siwezi kurudi Accra. Siwezi kuanzisha kitu. Kopo lako la siagi ninalo hapa, nusu. Silitupi na siwezi kulitazama.

Dufie

*

Bantama, Kumasi
22 Mei 2017

Mama Konadu,

Jumamosi nilikaa dukani mlango wazi, kwa sababu yeye hakutaka nifunge. Wateja wawili walikuja. Wa pili alileta picha ndogo ya mama yake na kuniomba samahani kwa udogo wake, kabla sijasema lolote. Nikamwambia ni kubwa ya kutosha.

Leo nimefunga. Atanigomba, najua. Nimebandika tangazo mlangoni: nimekwenda Mampong kwa mke wangu. Nimeliandika kwa herufi ndogo kabisa. Mwenye shida na mimi atasogea.

Barua hii simpi dereva. Nitakupa mkononi, niketi, nikusubiri umalize kuisoma. Kopo liweke karibu. Najua mkono wako nao unauma, ule ulioshika miguu yake. Nitaanzia kwenye vidole.

Yaw